Nguvu na Mlima: Kutoka Mivukuto ya Ugweno hadi Konveta ya Toki

Ugweno ni sehemu ya kaskazini ya Milima ya Upare, ambayo kwa utawala wa leo imo katika Wilaya ya Mwanga mkoani Kilimanjaro, ingawa zamani ilikuwa chini ya Wilaya ya Pare iliyotawaliwa kutoka Same. Safu hiyo, ambayo kilele chake cha Kindoroko kina kimo cha mita 2,113, inainuka ghafla kutoka tambarare kavu za Mwanga na Lembeni kwa upande mmoja na bonde la Ziwa Jipe kwa upande mwingine, hivi kwamba kila kitu kinachoingia au kutoka milimani lazima kipande au kishuke mteremko mkali. Kwa sababu hiyo, historia ya ufundi wa eneo hili inaweza kufuatwa kwa swali moja, nalo ni namna ambavyo nguvu iliyopo hufikishwa mahali pa kazi kwa kadiri inayofaa. Swali hilo waliulizana wayeyusha chuma wa karne zilizopita, wakaliuliza madereva wa malori ya kahawa, na leo linamkabili fundi anayechagua konveta ya toki, yaani kiungo cha mafuta kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia ya otomatiki, kwa ajili ya injini iliyoongezwa nguvu. Katika hatua zote hizo, wingi wa nguvu peke yake haukuwahi kutosha. Kilichoamua mafanikio kilikuwa ulinganifu wa nguvu, chombo na mzigo.

Chuma ndicho kilicholipa eneo la Ugweno jina mapema. Masimulizi ya wazee, ambayo mwanahistoria Isaria Kimambo aliyakusanya na kuyachapisha mwaka 1969 katika kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare, yanaueleza ukoo wa Washana, yaani ukoo wa wafua chuma, kuwa ndio uliokuwa na uongozi wa nchi hiyo kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya chini ya Angovi, ambaye mwanawe Mranga anakumbukwa kwa kuipanga upya dola ya Ugweno. Mapinduzi hayo yaliwaondolea Washana mamlaka ya kisiasa, lakini hayakuwaondolea ufundi, kwa kuwa jembe, mkuki, kengele na bangili viliendelea kutoka mikononi mwao. Aidha, majirani wao Wachaga, ambao miteremko yao ya volkano haikuwa na madini ya chuma ya kutosha, walitegemea kwa muda mrefu chuma kilichotoka Upare, nao wafua chuma wa Kilimanjaro walikifua upya kulingana na mahitaji ya kwao.

Malighafi ya chuma hicho ilikuwa mchanga mweusi wenye madini ya magnetaiti, ambao maji ya vijito huuchambua na kuuacha kandokando baada ya mvua, nao ulikusanywa, ukaoshwa ili kuondoa uchafu mwepesi, kisha ukayeyushwa kwa makaa ya miti katika tanuri dogo lililochimbwa ardhini. Hewa ilisukumwa ndani kwa mivukuto ya ngozi, yaani mifuko iliyobanwa na kuachiliwa kwa zamu, ikipitia katika mirija ya udongo wa kufinyanga hadi kwenye kiini cha moto. Mavi ya chuma, yaani takataka ngumu zinazobaki baada ya kuyeyusha, yamesambaa katika maeneo mengi ya Upare ya Kaskazini, nayo yamewawezesha wanaakiolojia kuthibitisha kuwa kazi hiyo ilifanywa kwa karne nyingi.

Jambo linalohusu hoja ya insha hii ni udhibiti wa hewa. Hewa ikiwa haba, joto halifikii kiwango cha kutenganisha chuma na mchanga, na hewa ikizidi, makaa huteketea kabla ya kazi yao na chuma kilichokwisha kupatikana huanza tena kuungana na oksijeni. Mwenye mivukuto hakuhitaji kupuliza kwa nguvu zake zote, bali alihitaji kupuliza kwa mwendo uliolingana na ukubwa wa tanuri, wingi wa makaa na aina ya mchanga. Ujuzi huo haukuandikwa popote, ila ulirithishwa ndani ya ukoo kwa jicho na kwa sikio.

Biashara ya chuma cha wenyeji ilidhoofika katika kipindi cha mwisho cha karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, majembe na vyuma vya viwandani vilipoanza kuletwa kwa wingi kutoka pwani. Reli ya Usambara iliyoanzia Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 baada ya kupita Same na Lembeni, na kwa hiyo bidhaa za kigeni zilifika miguuni pa mlima kwa bei ambayo tanuri la makaa halingeweza kushindana nayo. Hata hivyo reli ilibaki tambarareni. Kati ya stesheni na vijiji vya juu, mzigo uliendelea kubebwa kichwani na mgongoni, mpaka barabara za udongo zilipochongwa katika miteremko na malori yakaanza kupanda kuchukua kahawa na kuleta chumvi, mafuta ya taa na saruji.

Lori na gari aina ya Land Rover, ambayo ilianza kuuzwa duniani mwaka 1948, zilileta milimani elimu mpya ya gia na klachi. Injini ya mafuta ina kasoro moja ya kimaumbile, kwamba haiwezi kutoa toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ikiwa imesimama au inazunguka polepole mno, wakati ambapo gari linaloanza kupanda kilima lahitaji toki kubwa kabisa huku magurudumu yakiwa hayajasogea. Klachi hutatua tatizo hilo kwa kuruhusu sahani mbili zisuguane kwa muda mpaka kasi zao zilingane, lakini msuguano huo huzaa joto na huichakaza klachi upesi, hasa pale dereva anapolazimika kusimama na kuondoka tena katikati ya kona yenye mwinuko. Harufu ya klachi inayoungua ikawa alama inayotambulika ya lori lililozidiwa na mlima.

Utatuzi mwingine wa tatizo hilo ulikuwa umekwisha kubuniwa mbali na milima, katika kiwanda cha meli. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Vulcan mjini Stettin, alisajili mwaka 1905 hataza ya mtambo wa kuhamisha nguvu kwa njia ya maji yanayozunguka. Kilichomsukuma ni kwamba tabaini za mvuke zilizoanza kutumika melini zilizunguka kwa kasi kubwa mno, ilhali panga la kusukumia meli hufanya kazi vizuri likizunguka polepole, na meno ya gia ya wakati ule hayakuweza kustahimili nguvu kubwa kiasi hicho. Katika mtambo wake, chuma cha upande mmoja hakikugusa chuma cha upande wa pili. Kiungo kati yao kilikuwa mkondo wa maji.

Wazo hilo lilihamia barabarani kwa hatua. Mabasi na magari ya Uingereza yalitumia kiungo cha mafuta kuanzia miaka ya 1930, na kampuni ya General Motors ya Marekani ikaingiza sokoni gia ya otomatiki ya Hydra-Matic mwishoni mwa mwaka 1939, ambayo nayo ilitumia kiungo cha mafuta kisichoongeza toki. Konveta kamili, yenye uwezo wa kuizidisha toki, ilienea katika magari madogo ya Marekani kuanzia mwaka 1948 kupitia gia ya Dynaflow ya Buick, na mwaka uliofuata Packard ikaongeza klachi ndogo ya ndani inayoifunga konveta pale gari linapokwenda kwa mwendo wa kawaida.

Konveta ya toki ina sehemu tatu zilizofungiwa ndani ya ganda lililojaa mafuta ya gia. Sehemu ya kwanza ni pampu, ambayo imefungwa pamoja na injini na ambayo mapanga yake huyatupa mafuta kuelekea nje. Ya pili ni tabaini, iliyofungwa kwenye shafti inayoingia katika gia boksi, ambayo husukumwa na mafuta hayo. Na ya tatu ni stata, yenye mapanga yaliyopinda, ambayo hukaa katikati na kuyageuza mafuta yanayorudi ili yaisaidie pampu badala ya kuipinga. Gari likiwa limesimama na injini ikisukuma, msaada huo wa stata huweza kuikuza toki kufikia takriban mara mbili, na katika baadhi ya konveta zaidi ya hapo. Kadiri tabaini inavyoikaribia kasi ya pampu, ukuzaji huo hupungua, mpaka stata, iliyofungwa kwa kufuli linaloruhusu mzunguko wa upande mmoja tu, inaanza kuzunguka pamoja na nyingine na konveta inabaki kuwa kiungo cha kawaida. Tofauti ya kasi kati ya pampu na tabaini haipotei bure, kwa kuwa hugeuka kuwa joto ndani ya mafuta, na joto hilo ndilo adui mkubwa wa gia ya otomatiki.

Afrika Mashariki ilipata uwanja wake wa kupima mitambo ya namna hii katika mbio za magari zilizoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ambazo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika na baadaye zikajulikana kwa jina la East African Safari. Katika miaka ya mwanzo magari yalipangwa kwa madaraja kufuatana na bei ya dukani, kwa hiyo mwananchi aliyeyaona yakipita aliona magari yaliyofanana na yale yaliyouzwa mjini. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, gari la gia za mkono ambalo lilikuja kuwa maarufu kama teksi na gari la familia katika miji ya ukanda huu. Katika mbio hizo, zilizokimbiwa kwa maelfu ya kilomita ya vumbi na matope, gari lililofika mwisho lilikuwa tayari limeyashinda mengi, kama ilivyoonekana mwaka 1963 na 1968, ambapo ni magari saba tu yaliyomaliza.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mbio hizo zilipokuwa zimebaki ndani ya Kenya, Mercedes-Benz ilileta gari ambalo wengi waliliona kuwa geni kwa kazi hiyo. Hilo lilikuwa 450 SLC 5.0, kubwa, zito, lenye injini ya silinda nane ya lita 5, na lenye gia ya otomatiki ya hatua tatu pamoja na konveta ya toki. Katika Safari ya mwaka 1979 Hannu Mikkola aliliendesha hadi nafasi ya pili, nyuma ya Shekhar Mehta aliyeshinda kwa Datsun 160J ya gia za mkono, na mwezi Desemba mwaka huohuo, katika mbio za Bandama nchini Ivory Coast, magari ya aina hiyo yalishika nafasi nne za kwanza, Mikkola akiwa wa kwanza. Katika Safari ya 1980, Vic Preston Mdogo wa Kenya alimaliza wa tatu kwa gari la timu hiyohiyo.

Matokeo hayo yalikuwa na maana ya kiufundi. Konveta hupoteza sehemu ya nguvu, na kwa hiyo katika mbio fupi za lami gari la gia za mkono lingelitangulia lile la otomatiki lenye injini sawa. Lakini katika njia ndefu na mbovu, mafuta ya konveta yalifyonza mishtuko ambayo ingevunja shafti na meno ya difu kila gurudumu liliporuka hewani na kutua likiwa linazunguka, na dereva aliweza kuweka mikono yote miwili kwenye usukani huku mguu wa kushoto ukiwa huru kwa breki. Wahandisi wa timu hiyo hawakuchagua otomatiki kwa sababu ilikuwa na kasi zaidi. Waliichagua kwa sababu ililingana na uzito wa gari, toki ya injini na urefu wa safari.

Baada ya Tanzania kulegeza masharti ya biashara kuanzia katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika kutoka Japani yalianza kuingia kwa wingi kupitia bandari ya Dar es Salaam, na mengi kati yake yalikuwa ya otomatiki. Konveta, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa kitu cha magari ya kifahari, ikawa kitu cha kila siku katika gereji za Moshi, Same na Mwanga. Kisha wakaja vijana wanaobadili injini, wanaoongeza tabochaja, yaani kifaa kinachoishindilia injini hewa kwa kutumia moshi wake, au wanaoweka kamshafti yenye vinundu virefu zaidi ili vali zifunguke kwa muda mrefu. Hapo ndipo konveta iliyotoka kiwandani hukoma kuwa jibu sahihi, na uchaguzi wa nyingine hugeuka kuwa hesabu.

Kipimo kikuu katika uchaguzi huo ni spidi ya stoli, yaani kasi ya juu kabisa ambayo injini huweza kufikia huku gari likiwa limeshikwa na breki na gia ikiwa imeingizwa. Spidi hiyo haimo ndani ya konveta peke yake, kwa kuwa huamuliwa pia na toki ya injini. Konveta hupokea toki kwa kadiri ya mraba wa kasi, maana yake kasi ikiongezeka mara mbili, toki inayopokelewa huongezeka mara nne. Kwa hiyo konveta iliyokuwa ikisimamia mizunguko 2,000 kwa dakika kwenye injini ya zamani itasimamia takriban mizunguko 2,800 ikiwa toki ya injini mpya imekuwa maradufu. Kipenyo kina uzito mkubwa zaidi, kwani toki inayopokelewa hufuata kipenyo kwa kipeo cha tano. Konveta ya milimita 270 badala ya 300, mambo mengine yakiwa sawa, huinua spidi ya stoli kutoka mizunguko 2,000 hadi karibu 2,600. Ndiyo sababu konveta za magari ya mashindano ni ndogo kwa umbo.

Injini yenye kamshafti kali au tabochaja kubwa haina nguvu katika mizunguko ya chini, na ikifungiwa konveta ya kiwandani yenye stoli ya chini hulazimishwa kuvuta pale isipoweza, ikakoroma na kuchelewa kuondoka. Kanuni inayofuatwa na mafundi wazoefu ni kuiweka spidi ya stoli juu ya pale toki inapoanza kujaa, lakini chini ya kilele chake. Gari zito, au lenye difu ya mwendo mrefu, huidai konveta kazi zaidi na kuichemsha zaidi, na kwa hiyo halifai kupewa stoli ya juu kupita kiasi hata kama injini yake inaweza kuifikia.

Mlima huongeza masharti yake. Katika kimo cha mita 1,500 hivi, ambacho barabara za Upare hukifikia, hewa ni nyepesi kuliko ya usawa wa bahari kwa takriban asilimia 14, na injini isiyo na tabochaja hupoteza toki kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kwa kuwa stoli hufuata kipeuo cha pili cha toki, hushuka kwa takriban asilimia 7, na konveta iliyopimwa Dar es Salaam kwa mizunguko 2,400 itatenda milimani kama ya 2,230. Fundi anayeijibu hali hiyo kwa kupandisha stoli ovyo huangukia hatari nyingine, kwa sababu gari linalopanda polepole likiwa na mzigo hubaki muda mrefu katika eneo la utelezi, yaani pale pampu inapoizidi tabaini kwa kasi, na mafuta ambayo yangepaswa kukaa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi hupanda mpaka yakabadilika rangi na kuharibu mipira na sahani za klachi za ndani. Rejeta ya pekee ya kupoza mafuta ya gia, klachi ya kufungia konveta iliyo imara, na mapanga ya pampu yaliyochomelewa vizuri, yote hayo kwa safari za milimani yana uzito kuliko namba ya stoli.

Kushuka nako kuna hesabu yake. Konveta yenye stoli ya juu huipokea kwa udhaifu nguvu inayotoka magurudumuni, hivyo injini husaidia kidogo kupunguza mwendo, na breki huachiwa kazi yote katika kona zinazofuatana. Gari kama hilo huhitaji gia ya chini iwekwe mapema na konveta ifungwe pale inapowezekana, jambo ambalo gia nyingi za otomatiki za zamani hazikuruhusu katika hatua za chini.

Magari ya mbio za leo, yakiwemo yale yanayoshindana katika Safari iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, yameachana na konveta na kutumia gia za mkono zinazobadilishwa kwa mfuatano mmoja, kwa kuwa hatua za mashindano zimefupishwa na kila sekunde ina bei. Katika barabara za kawaida mambo yamekwenda kinyume, na konveta ndiyo inayobeba wanafunzi, ndizi, saruji na wagonjwa. Kwa fundi wa leo hesabu ya konveta huanzia kwenye mzigo na mlima, kisha hurudi kwenye injini. Atakayeianza kwenye injini atapata gari linalosifiwa kwenye lami ya Mwanga na kuogopwa kwenye kona za kupanda Kifula huko Ugweno.